Kaiti iliyoanguka bado haijashuka: kushusha ukiwa peke yako Ujiji

Nilijifunza kaiti, mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, huko Paje, Unguja, nilipokuwa nafanya kazi. Pale kushusha, yaani kuiteremsha kaiti mpaka itulie chini, hakumsumbui mtu. Unaileta kaiti chini pembeni, unajigusa utosini kwa kiganja, na kijana yeyote aliye ufukweni anaelewa: anakuja, anaidaka katikati ya bomba la mbele, lile la hewa lililo ukingoni, anaigeuza, kwisha. Niliporudi nyumbani Kigoma na kaiti yangu ya mita za mraba 12, jioni ya kwanza tu nikajikuta nimesimama ufukwe wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kaiti iko hewani, jua linazama upande wa Kongo, na hakuna hata mmoja anayejua ile ishara ya kichwa.

Watu walikuwepo, tena wengi, na hatari ilikuwa hapo hapo. Baadaye nilimwomba kijana mmoja mvuvi anidakie. Mtu mwenye nguvu na nia njema. Aliishika kwenye ncha ya bawa badala ya katikati, ikajaa upepo mikononi mwake, akashtuka akaiachia. Ilipanda ghafla ikaniburuta kifudifudi mchangani mpaka karibu na vichanja vya dagaa. Kamba moja ilipita juu ya kiganja changu cha kushoto. Kamba hizi ni nyembamba, ukiziona zimelegea mchangani utadhani ni za kuchezea, lakini zikikaza zinakata kama wembe, na alama ninayo mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa mtu kazi ambayo sikumfundisha. Tangu siku ile, kama hayupo mtu niliyemfundisha mwenyewe siku ya upepo mdogo kaiti ikiwa chini, nahesabu niko peke yangu hata ufukwe ukijaa watu.

Kwa hiyo namna ya kushusha naiamua kabla sijarusha. Kwanza upepo wenyewe. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, tunapata upepo mkali wa kusini-mashariki. Kwetu sisi tulio pwani ya mashariki ya ziwa, upepo huo unatoka nchi kavu kuelekea majini. Ukikushinda unakupeleka kwenye ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470, na hakuna boti ya kukufuata. Huo sirushi kabisa, hata uwe mzuri namna gani. Nasubiri alasiri upepo ugeuke utoke ziwani, na nautaka uje kwa mshazari, usinipige moja kwa moja kifuani nikitazama maji.

Pili, nafasi. Mabaharia wa pwani wanaita upande ule upepo unakokwenda upande wa demani. Huko ndiko kaiti itakwenda ikikuponyoka, kwa hiyo huko ndiko pa kutazama. Kamba zangu zina urefu wa mita 24, na mimi nahesabu hatua 50 zisizo na mtu, mtumbwi, waya wa umeme wala dagaa walioanikwa. Miaka hii maji ya ziwa yamepanda na fukwe nyingi zimebanwa, kwa hiyo mahali palipofaa zamani leo huenda hapafai. Kibirizi naipenda, lakini siwezi kushusha katikati ya maboti na akina mama wa dagaa. Nafasi ikikosekana, kaiti inabaki mfukoni.

Sasa kushusha kwenyewe. Ukikaribia nchi kavu, usiiache kaiti juu ya utosi wako. Wengi wanadhani hapo juu ndipo imetulia, kumbe upepo ukipiga kwa kishindo, kaiti iliyo utosini inakuinua mzima mzima, na ukishuka hushukii maji. Iweke chini, upande wa ziwani. Vuta ule ugwe wa kupunguza nguvu mpaka mwisho. Halafu papasa kamba ya usalama kwa mkono uhakikishe imefungwa kwenye mkanda wako, usiamini macho.

Iteremshe taratibu pembeni kabisa, pale inapovuta kidogo, mpaka ncha ya bawa ibaki kama mita moja kutoka chini. Kisha sukuma kifyatuo, kile cha dharura kinachokuachanisha na usukani, yaani fimbo unayoiongozea kaiti. Usukani utakuponyoka mikononi na kwenda mbele, kaiti itabaki imeshikwa na kamba moja tu ya mbele, itapepea kama kanga kwenye kamba ya kuanikia, na itaanguka. Hapo mwili wote unakutuma uudake usukani. Usiudake! Ukivuta kamba ya nyuma kaiti inajaa tena, na wewe sasa huna breki.

Wengi hawapendi kufyatua. Wanasema kamba zitachanganyikana, au watu watadhani wameshindwa. Kamba zinachambuliwa chini ya mwembe kwa dakika 20. Mimi nafyatua bila aibu, tena nilifanya mazoezi siku za upepo mdogo mpaka mkono ukajua njia hata macho yakiwa na maji.

Watu wengine hulegea kaiti ikishaanguka. Mabomba haya ya kujazwa hewa yalibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, wakaomba hataza mwaka 1984, na shabaha yao ilikuwa kaiti iweze kuinuka tena kutoka majini. Imetengenezwa ili iinuke. Kwa hiyo ikilala, tembea kuifuata huku umeshika ile kamba moja tu, mkono baada ya mkono, na usiizungushe kiganjani hata mara moja. Usiguse nyingine. Ukifika, shika bomba la mbele katikati, igeuze tumbo lilale chini na bomba liutazame upepo, kisha weka mchanga juu ya kitambaa. Mimi natembea na kiroba chenye mchanga nusu, kwa sababu mawe yetu yana makali na kitambaa kinachanika.

Na kama baada ya kufyatua bado inakuvuta, kamba ya usalama nayo ina kifyatuo chake. Upande wa demani ukiwa mtupu, iachie yote iende. Kaiti utanunua nyingine.

Kuna wanaofunga kitanzi cha usukani kwenye kigingi au mti, wanaiegesha kaiti pembeni, kisha wanaiendea kwa upande upepo unakotoka na kuidaka. Njia ni nzuri mahali penye upepo uliotulia. Kwetu upepo unapita kwenye vilima, unakuja kwa mikupuo, na mkupuo mmoja unatosha kuiinua wakati uko katikati ya safari, huna usukani wala kifyatuo. Niliijaribu mara moja, nikafunga kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani. Niliusikia mtumbwi ukikwaruza nyuma yangu, nikageuka nikaukuta umesogea kama hatua tatu. Mwenyewe, mzee mmoja, aliniita akaniambia, "Mwanangu, huu ndio shamba langu." Nilimwomba radhi, na sijafunga tena kwenye chombo cha mtu. Mti mkubwa, mzima, sawa. Vinginevyo sishauri.

Kuishusha majini ni salama zaidi kwa walio ufukweni, lakini usilinganishe na Paje. Kule maji yakitoka unasimama mpaka mbali. Tanganyika sehemu nyingi hatua chache tu ardhi imeshakimbia miguuni. Fanya hivyo ukiwa na koti la kuelea, na ukijua kuviringa kamba kwenye usukani huku unaogelea.

Neno la haraka kwa wanaotoka pwani: uso wa ziwa letu uko kama mita 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na utahisi kaiti yako inavuta kidogo kuliko ulivyozoea. Usikimbilie kubwa zaidi. Ile mikupuo ya vilimani itafidia, na kaiti kubwa ndiyo ngumu kuishusha peke yako.

Kwa watoto, nimechora mstari mchangani na kuwaambia kwamba anayebaki nyuma yake mpaka nimwage mchanga juu ya kaiti, huyo ndiye atakayenisaidia kutoa hewa kwenye mabomba. Wanaugombea ule mlio wa hewa ikitoka, na mstari wanaulinda wao kwa wao.

Nikimaliza, nasuuza kifyatuo ziwani, nakifyatua na kukirudisha mara tatu. Chembe za mchanga zikiingia kinagoma, na mara mbili nimekikuta kimegoma nikiwa nimeketi chini ya mwembe, kaiti imekunjwa.