Maswali ya Tangi: tochi imejikunja, samaki wana madoa, na jiwe ambalo usilichemshe

Barua za safari hii za wafugaji wa samaki na matumbawe wa maji chumvi nimezisoma zote kwa mkupuo mmoja na kwakweli nimecheka kidogo, maana karibu kila mtu ana tatizo alilolitia mwenyewe kwa mkono wake alafu anauliza aongeze nini tena. Nimechukua sita. Zilizofanana nimeziunganisha, kwa hiyo kama hujaona jina lako usinune, jibu lako limo humu humu.

Fundi habari za kazi. Nina tangi la maji chumvi la lita 200, lina miezi 4, samaki klauni wawili, matumbawe kadhaa ya uyoga na tumbawe moja la tochi ambalo ndo roho yangu. Maji yanapungua kama lita 3 kwa siku. Zamani nilikuwa najazia maji ya RO (yaliyochujwa yakabaki matupu), ila wiki mbili nyuma nikawaza mbona nawapunguzia chumvi hawa viumbe, nikaanza kujazia maji chumvi niliyochanganya vizuri kabisa. Sasa tochi imejikunja mpaka mifupa inaonekana, uyoga umesinyaa, konokono wanadondoka kwenye kioo. Nimebadilisha taa, nimetia na vitamini, wapi. — Dada wa Tochi

Dada pole, ila taa irudishe ilivyokuwa na hizo vitamini ziweke kabatini, tatizo umeliandika mwenyewe katikati ya barua. Maji yanapopungua kinachoruka hewani ni maji matupu, chumvi haiendi kokote, imebaki ndani yote. Ukitaka kuamini angalia ule ukungu mweupe unaoganda kwenye ukingo wa kioo na kwenye waya wa pampu, hiyo ni chumvi ya matone yaliyoruka, kidogo sana, nyingine yote iko majini inakusubiri.

Haya tupige hesabu. Maji chumvi ya kawaida ya bahari yana gramu 35 kwa lita, lita 3 kwa siku ni gramu 105 za chumvi mpya unazoingiza kila asubuhi, siku 14 ni karibu kilo moja na nusu. Igawe kwa lita 200 unapata gramu 7 na ushee kwa kila lita. Yaani ulianza na 35 na saa hizi uko kama 42. Konokono hawadondoki kwa uvivu, maji yanawanyonya.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize, maana najua ukishasoma hivi utakimbilia ndoo. USITOE chumvi yote leo. Tochi yako imeshazoea kidogo kidogo kupanda, ukiishusha kwa saa moja unampiga mara ya pili. Chota lita 5 za maji ya tangini mwaga, weka lita 5 za maji ya RO yenye joto lile lile, taratibu, sehemu yenye mkondo. Kesho tena lita 5. Kila siku inashuka kama gramu moja kwa lita, na siku ya saba utakuwa umerudi kwenye 35. Katikati ya hapo lile pengo la lita 3 linalopungua jazia maji ya RO kama zamani. Na wala usimlishe tochi kwa nguvu, mwache.

Alafu umesema chumvi unaipimaje? Hukusema. Kama ni kile kipimo cha plastiki chenye mshale unaoelea, nakuomba kioshe na siki, maana chumvi na chokaa vikiganda kwenye mshale unakuwa mzito unasoma chini kuliko ukweli, na kipovu kimoja cha hewa kikikamata mshale unasoma juu. Ukiweza chukua rifraktomita, kile kifaa kinachosoma chumvi kwa mwanga, na ipime kwa maji maalum ya kipimo cha 35, siyo kwa maji matupu peke yake, kwa sababu inaweza kusoma sifuri sawasawa alafu ikadanganya huku juu ambako ndo tunakotaka sisi.

Tangi langu lina wiki 5, mchanga umekuwa kahawia kama umemwagiwa kakao, na kioo hivyo hivyo, nafuta asubuhi jioni umerudi. Niweke dawa gani? — Mwanafunzi

Hakuna dawa. Hao ni diatomu, mwani mdogo mdogo sana, kila tangi jipya linapita hapo, wanakula silika iliyoko kwenye mchanga, mawe na maji ya bomba. Kama unachanganyia chumvi kwenye maji ya bomba acha, tumia RO, weka konokono wachache na subiri wiki chache. Ungeniambia ni utando mwekundu unaovutika kama ngozi wenye vipovu juu hapo tungeongea mengine, huo siyo mwani hata, ni bakteria, na mara nyingi mkondo ni hafifu na chakula kimezidi.

Shikamoo fundi. Klauni wangu ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mapezini, anajisugua kwenye mawe. Kuna rafiki kanipa dawa ya shaba anasema inaua siku hiyo hiyo. Ila kwenye chupa wameandika kitu kuhusu kamba nikasita. Tangi lina matumbawe na kamba wawili. — Kijana Mpole

Marahaba, na nakushukuru kwa kusita, kusita huko ndo kumeokoa kamba wako. Shaba kwenye tangi la matumbawe ni msiba, inaua kamba, konokono, kaa, matumbawe yenyewe, na inajificha kwenye mawe na mchanga ikitoka kidogo kidogo baadae. Rafiki yako hakukudanganya kwamba shaba inafanya kazi, ila kazi hiyo inafanyika kwenye tangi lingine.

Mdudu huyu anaitwa Cryptocaryon, na akili yake yote iko kwenye mzunguko. Kile kidoa unachokiona ni yeye yuko chini ya ngozi ya samaki anakula, pale dawa haimfikii. Baada ya siku kadhaa anaanguka, anajigeuza kifuko kwenye mchanga au jiwe, na hapo pia dawa haimfikii. Kifuko kikipasuka wanatoka watoto mamia wanaogelea kutafuta samaki, na HAPO TU ndo shaba inawaua. Ndo maana mtu anaona madoa yamepotea siku ya nne anapiga vigelegele, kumbe wameanguka tu kwenda kuzaliana, wiki inayofuata wanarudi na ukoo mzima.

Kwa hiyo fanya hivi, tafuta tangi la pembeni, hata boksi la plastiki linalofaa chakula, weka hita, chujio dogo, vipande vya bomba samaki wajifiche, usiweke mchanga wala mawe maana vinakunywa shaba. Hamisha samaki WOTE, siyo yule mgonjwa peke yake. Huko tibu kwa shaba kwa kufuata maandishi ya chupa na upime kiwango kila siku, usikadirie kwa jicho. Tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja, wafugaji wengi wanakaa siku 76, matumbawe na kamba wanaendelea na maisha humo kama kawaida kwa sababu mdudu huyu hawataki wao. Bila samaki anakosa pa kula, anaisha.

Najua siku 76 ni nyingi. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilivumilia wiki tatu, nikarudisha samaki, nikaanza upya.

Kaka, jiwe langu limejaa anemoni wale wadogo wa kahawia wabaya, nikimkata mmoja wanakuja kumi. Nimeamua kutoa jiwe lote nilichemshe jikoni liwe safi nianze moja, ila kuna na zoantidi wachache juu yake sijali nitawapoteza. Nichemshe dakika ngapi? — Baba Watatu

Baba Watatu zima jiko. Nimeitanguliza barua yako mbele ya waliokuja kabla yako, soma mpaka mwisho kabla hujagusa hilo jiwe.

Zoantidi, hao jamaa wadogo wa matumbawe, na ndugu zao palithoa, baadhi yao wana sumu inaitwa palitoksini, ni katika sumu kali zaidi zinazotengenezwa na kiumbe hai, na kwa macho huwezi kujua yupi anayo na yupi hana. Ukichemsha jiwe sumu inapanda na mvuke, wewe na watoto mnaivuta. Kuna familia zimelazwa kwa jambo hili hili, mtu kasafisha jiwe jikoni, baada ya muda wote nyumbani wanakohoa, homa, pumzi inabana, mdomoni ladha ya chuma, hadi mbwa. Maji ya moto ya kumwagia hapana, mashine ya kusukuma maji kwa nguvu hapana, kusugua kwa brashi jiwe likiwa kavu hapana. Ukitaka kuwatoa zoantidi wafanyie kazi ndani ya maji, glavu, miwani ya kuzuia macho, na kama una kidonda mkononi mwambie mtu mwingine au acha.

Na hao anemoni wako, wanaitwa Aiptasia, hata huhitaji kutoa jiwe. Unapokata kila kipande kinachobaki kinaota mwenyewe, ndo maana wamekuwa kumi. Koroga chokaa safi ya akwariamu na maji kidogo ya RO iwe kama uji mzito, ivute kwenye bomba la sindano, zima pampu, msogelee taratibu akiwa amechanua kisha mfunike mdomoni kwa tone moja kabla hajajivuta. Watatu wanne kwa siku, siyo wote, chokaa ni kali inapandisha pH. Subiri dakika kumi na tano washa pampu. Kamba wa aina ya Lysmata wurdemanni wanawala wadogo wadogo pia, usiku ukilala, ingawa kuna wengine wavivu watakula chakula cha samaki na kukuangalia.

Fundi kipimo kinasema alkalini yangu ni 6.5 na nimesoma watu wanakaa 11. Tangi lita 200. Nimenunua kopo la kuongezea, niweke yote leo? Na naitreti yangu ni 0 kabisa, hongera kwangu. — Mpenda Namba

Usiweke yote leo, wala usifike 11. Alkalini ni ile akiba ya majini inayozuia pH isiyumbe na ambayo matumbawe yanajengea mifupa. Maji ya bahari yenyewe yako kama 7, wewe ukikaa 8 na ukabaki 8 matumbawe yatakupenda kuliko yule anayegonga 11 Jumatatu na 7 Ijumaa. Nina ushahidi, niliwahi kupandisha kwa pupa jioni moja, asubuhi ncha za matumbawe magumu zote nyeupe kama zimechovywa kwenye rangi, nyama imeachia mfupa, na haikurudi.

Kopo lako kama ni sodiamu baikaboneti, kwa lita 200 gramu 6 zinapandisha alkalini digrii 1. Kutoka 6.5 kwenda 8 ni gramu 9 tu! Zigawe siku tatu, gramu 3 kila siku, koroga kwenye maji ya RO mpaka ziyeyuke, mimina polepole kwenye mkondo. Ukifika 8 usiongeze chochote siku tatu, pima kila siku saa ile ile, uone inashuka kiasi gani. Hicho kinachoshuka ndo matumbawe yako wanakula kujenga mifupa, na hicho ndo unachorudisha kila siku, basi. Angalia na kalsiamu iwe 400 hadi 450, magnesiamu kama 1300.

Hongera ya naitreti 0 naichukua, nirudishie. Matumbawe hayataki uchafu ila hayataki njaa pia, yakikosa naitreti na fosfeti kabisa yanapauka, na dinoflajeleti, ile takataka ya kamasi yenye vipovu, inashangilia nafasi. Lisha samaki vizuri kidogo, punguza skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, masaa kadhaa, ukae kwenye naitreti 5 hivi.

Umeme ukikatika usiku niokoe nini kwanza, hita, taa au pampu? — Mlinzi wa Zamu

Pampu. Hewa ndo itakayoua kwanza, taa sahau, matumbawe yanakaa siku mbili tatu gizani bila shida. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri ikae karibu, na kama huna chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, dakika chache kila baada ya nusu saa, mkono utauma. Usilishe. Kukiwa na baridi funika tangi kwa blanketi, uache juu wazi.

Umeme ukirudi usikimbilie kulala. Kama una chujio la mkebe lililofungwa limesimama masaa mengi, lile maji ya ndani limwage kwanza kabla hujawasha, bakteria humo wamekosa hewa na kinachotoka kinanuka mayai viza, ukikisukuma tangini umejimaliza mwenyewe. Na chungulia kikombe cha skima, kikiwashwa tena kinapenda kufurika.