Ayodini kuwa oda 0 sio kosa

Mdogo wangu, umepata ayodini oda 0 ukadhani umekosea, usifute jibu lako, ayodini kutoka oda 0 (oda ni kipeo kinachoonyesha konsentresheni ya kitu inavyoathiri kasi ya mmenyuko) kwenye mmenyuko wake na asetoni ndani ya asidi ni sahihi kabisa. Shida wengi wanachukua zile namba za mbele kwenye ekwesheni iliyobalansiwa wanazifanya ndo oda, hapana, oda inatoka kwenye data za maabara tu. Cheki jedwali lako la matokeo ya majaribio: asetoni ikiwa mara 2 na vingine vikibaki vilevile kasi nayo inakuwa mara 2, basi oda 1, asidi hivyohivyo, ila ayodini ukiifanya mara 2 kasi haitikisiki, yaani 2 kwa kipeo 0 ni 1. Na sababu yake ni tamu sana aisee, hatua ya polepole ni asetoni kubadilika umbo kwa msaada wa asidi, ayodini inakuja baadaye na inaliwa fasta, sasa itaharakisha nini hapo? Ndo maana asetoni na asidi zikiwa nyingi, grafu ya konsentresheni ya ayodini na muda inashuka kwa mstari ulionyooka. Oda ya jumla 2, kwa hiyo yuniti za k (namba isiyobadilika kwenye fomula ya kasi) ni dm³ mol⁻¹ s⁻¹, usiziache, zina maksi.