Jibu: Niache kazi kwanza au nisafiri kwanza?

Ndugu, umeuliza kama uandike barua ya kuacha kazi ya uhasibu mwezi huu, ili Novemba wewe na shemeji muondoke Visiwa vya Kanari kwa boti ya matanga hadi Karibi. Naiunga mkono ndoto yako kwa moyo wote, ila barua isubiri.

Omba likizo bila malipo, nenda Las Palmas, bandari ya hukohuko Kanari, tafuta boti ya mtu inayohitaji mabaharia. Kipindi hicho manahodha wengi hutafuta watu wa zamu, maana msimu wa vimbunga vya Atlantiki huisha rasmi 30 Novemba. Ni kama maili za bahari 2,700, wiki tatu hivi, upepo ukiwa mgongoni.

Hapo ndipo utakapojijua. Saa tisa usiku uko peke yako kwenye usukani, boti inalala kulia, inalala kushoto, nawe unamulika kwa tochi pale kamba ya tanga inapopita kwenye kapi. Kamba ikisuguliwa mahali hapohapo usiku na mchana hukatika, kwa hiyo kila siku huvutwa kidogo ili msuguano uhamie kwingine. Hakuna bosi wa kukusifu kwa hilo. Kwa mtu aliyezoea kupandishwa cheo, ukimya huo humsumbua kuliko kichefuchefu, niamini.

Shemeji naye aende, tena ashike zamu zake mwenyewe, asiwe abiria. Mkishuka wote wawili mnaulizana safari ijayo lini, iandikeni barua.