Uliza Daktari: "Hawa watu wa risachi walinitoa damu, waliipeleka wapi?"

Karibuni tena. Mwezi huu nilikuwa nimepanga kujibu mambo ya vidonda vya tumbo, lakini meseji zikanivuta upande mwingine kabisa, karibu zote zinauliza juu ya hawa madaktari wa chuo kikuu wanaokuja kliniki na mafomu, wanauliza maswali, wanapima, wanaandika, halafu wanapotea. Vidonda vitangoja. Na niseme mapema msije mkanishika baadaye: mimi pia nilisomea tiba ya familia na niliwahi kuwa huyo mtu wa mafomu, kwa hivyo kuna mahali hapa chini najitetea na kuna mahali najishtaki mwenyewe.

Daktari hujambo. Nilienda kliniki ya sukari hapa Nakuru, niko foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, daktari msichana akaja akasema yeye ni wa idara ya tiba ya familia ya chuo fulani na anafanya risachi. Akaniuliza maswali mpaka ya ndoa, akanitoa damu chupa mbili, nikaweka saini. Kufika nyumbani bwanangu akaniuliza hiyo damu imeenda wapi nikakosa jibu. Jirani anasema inauzwa. Na kwani daktari wa familia si ni yule wa matajiri, anaitwa nyumbani? – Mama Shiro, Kaptembwa

Mama Shiro, pole na hiyo foleni. Nianze na damu maana ndiyo inamnyima bwanako usingizi. Zile chupa ndogo kila moja huwa inabeba mililita tano hivi au chini ya hapo, hiyo ni kijiko kimoja cha chai. Mtu akienda kuchangia wagonjwa damu anatolewa kama mililita 450, sasa piga hesabu uone kama kuna biashara hapo. Kwa mgonjwa wa sukari kawaida wanatafuta ile sukari ya miezi mitatu, yaani kipimo kinachoonyesha sukari yako imekuwa ikikaaje wiki nyingi zilizopita na siyo tu vile uliamka leo, na pengine wanaangalia figo na mafuta. Ikishapimwa, inayobaki inatupwa na taka za hospitali, isipokuwa kama fomu ilisema itawekwa kwa friji ipimwe siku nyingine ama ipelekwe nje ya nchi. Hiyo lazima iwe imeandikwa na wewe ukakubali. Kwa hivyo rudi kwa ile karatasi. Ulipewa kopi? Kama hukupewa, uliza, ni haki yako kuwa nayo.

Shida ni kwamba watu huisaini kama wanapokea parseli stejini. Na si makosa yenu, nani atasoma kurasa nne amesimama, njaa inamuuma kwa sababu aliambiwa aje kama hajakula? Lakini hiyo karatasi inafaa ikuambie huyu mtu ni nani, anatafuta nini, atakufanyia nini, na kwamba unaweza kukataa ama kutoka katikati na dawa zako ukazipata vilevile. Asiyejua kusoma anasomewa, na anakuwa na shahidi wake. Halafu huwa kuna namba ya simu ya kamati ya maadili. Hiyo ndiyo namba ya maana kuliko zote. Hapa kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuanza risachi kwa wagonjwa kabla kamati haijapitisha. Wa Chuo Kikuu cha Moi wanapitia kamati ya chuo na hospitali ya rufaa pale Eldoret, Kisumu kuna ya hospitali ya Jaramogi na kuna ya Maseno, na juu ya hapo wanatafuta leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, bado hospitali yenyewe nayo ikubali. Ukipiga ile namba hutaongea na huyo daktari msichana, utaongea na watu ambao kazi yao ni kumchunguza yeye.

Na jirani yako mimi simcheki. Marekani, pale Tuskegee jimbo la Alabama, wanaume weusi kama 600 waliwekwa kwa utafiti wa kaswende kuanzia 1932, karibu 400 kati yao wakiwa na ugonjwa, hawakuambiwa wanaumwa nini, na hata penisilini ilipopatikana na kila mtu anajua inatibu, wao wakanyimwa makusudi ili waonekane watakufaje. Mambo yakaendelea hivyo mpaka 1972 magazeti yalipoyaanika. Hizi fomu na kamati zinazotuchosha zimetokana na uchafu kama huo.

Sasa hiyo ya daktari wa matajiri, hapana jamani. Huyu ni mtu amesoma udaktari miaka sita, akafanya intanshipu mwaka mmoja, halafu akarudi shule miaka minne kujifunza kumtibu mtu yeyote anayeingia mlangoni, mtoto, mjamzito, mzee wa presha, na kumuuliza nyumbani kuna nini maana sukari yako inapikwa kwa sufuria moja na ya watoto. Kabla hajamaliza lazima afanye utafiti wake mwenyewe na kuandika tasnifu. Ndio maana unakutana naye kwa foleni yako: anachouliza ni kwa nini watu wanakosa siku za kliniki, nani anakunywa dawa nusu kwa sababu ya bei, kwa nini mama anasikia uvimbe kwa titi na anakaa mwaka mzima. Na hilo swali la ndoa usiliogope, mara nyingi linauliza nani nyumbani anaamua pesa ya dawa itoke ama isitoke.

Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Webuye. Tangu nikiwa bado nafundisha watu wa chuo wanakuja nyumba kwa nyumba, wamehesabu watoto, wamehesabu neti, wamepima watu presha, juzi wakampima hata kukhu, yaani bibi mzee, wa jirani ambaye hatoki kitandani. Wao wanapata digrii. Sisi hatujawahi kuambiwa walipata nini. Hii ni haki?

Mwalimu, hapana, siyo haki, na hapa ndipo najishtaki. Tasnifu yangu iko maktaba, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu, na wale wazee na akina mama walioketi na mimi kliniki wakinijibu maswali hakuna hata mmoja niliyemrudia kumwambia tulipata nini. Nilipanga kurudi. Mtihani ukaja, kisha uhamisho, kisha nikaona aibu kwa sababu muda umepita sana.

Nyinyi wa Webuye mmeulizwa kuliko watu wengi na kuna sababu. Moi walipoanza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, na ndio walikuwa wa kwanza nchini, hospitali ya Webuye ikawa mahali pa kuwafundishia, kwa sababu daktari wa familia hawezi kufundishwa kwa hospitali kubwa ya rufaa ambapo kila mgonjwa ameshachujwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa moyo ama wa mifupa. Anafaa awe mahali watu wanaingia na kila kitu. Basi mkawa darasa na wanafunzi wao wakawa hawakomi kuja.

Lakini nisidanganye kwamba hakuna kilichowahi kurudi. Hizo neti ulizosema zinahesabiwa: miaka ya mwisho ya 1990, kule Asembo na Gem kaunti ya Siaya, vijiji vingine vilipewa neti za dawa na vingine vikangoja, na wakakuta vifo vya watoto wadogo vimepungua kama asilimia 16 kule kwenye neti, vile vilivyongoja navyo vikapewa. Leo mama akienda kliniki ya ujauzito anapewa neti, na watu wa Asembo wana mkono wao hapo. Chanjo ya malaria vilevile, watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa kwa majaribio yake, ikaanza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019, uzinduzi ukafanyiwa Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaikubali itumike kwa watoto wengine Afrika. Hizo ni risachi kubwa za pesa nyingi, najua. Ya mwanafunzi mmoja mwenye daftari na mashine ya presha haitafika Geneva kwenye makao ya hilo shirika, lakini inaweza kufika ofisi ya msimamizi wa hospitali, na ikifika pale ikasema watu hamsini hawakupata dawa ya presha mwezi huu kwa sababu duka la hospitali lilikuwa tupu, kuna mtu atalazimika kujibu.

Mkikaa tu mkingoja wakumbuke, watasahau kama nilivyosahau. Siku wanakuja kuomba ruhusa kwa chifu ama kwa kamati ya zahanati, hapo ndipo mko na nguvu, wakishamaliza hamna. Waulizeni mtarudi mwezi gani, mtaongea wapi, kwa lugha gani, na muandike kwa kitabu cha kamati ya zahanati pamoja na jina la msimamizi wa mwanafunzi chuoni, siyo la mwanafunzi mwenyewe, yeye atahama. Kamati za maadili zenyewe humuuliza mtafiti matokeo yatawafikiaje watu, huwa ameandika sentensi tamu sana kwa maombi yake. Mwambieni aisome mbele ya baraza. Wewe mwalimu umesahihisha insha miaka yote, hii haitakushinda.

Daktari, mamangu ana presha. Kliniki walimwambia yuko kwa kundi la kontroli. Wenzake wanatumiwa meseji za kukumbushwa dawa na kupigiwa simu, yeye hapati chochote. Si huu ni ubaguzi? – Wambui, Njoro

Wambui, wewe uko Njoro, umepita hapo kwa watafiti wa ngano mara ngapi? Wakitaka kujua kama mbegu mpya ni nzuri wanapanda ploti za mbegu mpya na ploti za mbegu ya kawaida, shamba moja, mvua moja. Wakipanda mpya peke yake na mwaka uwe wa mvua nzuri, watasifu mbegu kumbe ni mvua. Na hawachagui ploti kwa macho, wanapiga kura ya bahati nasibu, la sivyo mtu atapeleka mbegu anayoipenda kule penye udongo mweusi. Mamako ni ploti ya mbegu ya kawaida, ambayo inapaliliwa kama zingine. Dawa zake za kila siku anapewa, anapimwa, daktari anamuona. Kama wamemnyima dawa hiyo ni habari nyingine, piga ile namba ya kamati leo.

Halafu nani alisema hizo meseji zinasaidia? Hiyo ndiyo hawajui bado. Pengine zinawaudhi tu watu, pengine simu iko kwa mjukuu. Wanahangaika hivi kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Kenya presha iko juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata siku moja. Mwambie mama anayetembelea nyumba zenu, yule mhudumu wa afya wa jamii aliyepewa begi na mashine tangu 2023, ampitie. Mamako akae kwanza dakika tano bila kuongea, miguu chini, ndio apimwe. Namba ya juu ikizidi 140 ama ya chini ikizidi 90 mara kwa mara, arudi kliniki kabla ya tarehe.

Niko mwaka wa tano udaktari, nyumbani Kakamega. Nataka tiba ya familia lakini mzee anasema nitakuwa daktari wa zahanati na masomo yote hayo, afadhali upasuaji. – Mwanafunzi

Mzee wako ana hoja kidogo, mpasuaji anajulikana kijijini na wewe utakuwa ukieleza kazi yako kila harusi. Lakini Moi wako karibu na nyumbani, Kabarak hapa Nakuru nao wanafundisha kupitia hospitali za misheni kama Tenwek na Chogoria, Aga Khan wako Nairobi, na mwaka 2018 serikali ilipeleka madaktari 50 mpaka Kuba kusomea hiyo hiyo. Sheria ya afya ya msingi ya 2023 imeleta mitandao ya zahanati na hospitali ndogo za kaunti ndogo, na daktari wa familia ndiye anatarajiwa kuongoza timu zake. Kazi ipo, kama kaunti itakuajiri, hapo ndipo mimi na wewe tutaomba. Na ukichagua, anza kufikiria swali la tasnifu yako mwaka wa kwanza, usifanye kama sisi tulioamka mwaka wa tatu tukikimbizana na kamati.

Daktari sema. Nasikia watu wa risachi wanalipa. Niko Nyalenda, kazi ni ya mjengo na siku zingine hakuna. Najiandikisha wapi? Halafu kuna mmoja alinipigia akasema ni wa chuo, anataka namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa ndio anitumie nauli. – Odush

Odush ndugu yangu, wanarudisha nauli na pengine kitu kidogo cha muda wako, na hata hicho kinapitishwa na kamati. Kikiwa kikubwa watu wanaanza kuficha ugonjwa ili waingie, ama wanaingia kwa tafiti mbili za dawa kwa wakati mmoja, na hapo unaweza kuumia vibaya na daktari asijue ni nini kimekugonga. Kisumu mmezoea haya mambo, wajomba zako pengine walikuwa kati ya vijana 2,784 wa ule utafiti wa tohara, uliosimamishwa kabla ya muda wake, Desemba 2006, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana, waliotahiriwa walipata virusi vya Ukimwi kama nusu ya wenzao. Hawakuingia pale kama kazi ya kibarua. Ukiitwa kwa utafiti unaokuhusu, soma fomu, uliza, ingia kama umependa, lakini kodi ya nyumba usiipange kwa hiyo pesa.

Huyo wa PIN si wa chuo chochote. Nauli inatumwa kwa namba ya simu tu. Kama ulishampa, ibadilishe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa, na upige simu kwa wenye laini.