Jibu: Subaru ya siku za mbio, nianze na tabo kubwa?

Mkuu wa Mikindani, umeuliza kama uanze na tabo kubwa (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwenye injini yako ya Subaru EJ20 kabla ya kuipeleka kwenye mbio za ridhaa. Hapana, achana na tabo kwa sasa. Anza na oili.

Ukikata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zinakauka. Injini nyingi zinafia hapo. Fungua sampo, chomelea vibati vya kuzuia oili isihame, weka rejeta ndogo ya oili na geji ya presha ya oili iliyo mbele ya macho yako. Mshale ukishuka katikati ya kona, toa mguu kwenye pedali ya mafuta hapo hapo.

Halafu punguza mizunguko ya juu kabisa ya injini. Mzigo unaoivuta konrodi hupanda kwa mraba: ukishuka kutoka 7,000 kwa dakika hadi 6,300, yaani asilimia 10 tu, mzigo unapungua asilimia 19. Na hulipii kitu cha maana!

Huko kwenu pwani, kagua na rejeta ya maji. Mapezi yake (vibati vyembamba vya kupoza) yakimomonyoka ukiyagusa kwa kidole, chumvi imeshayala, badilisha. Kila baada ya siku ya mbio mwaga oili, kata filta ya oili uone ndani, tafuta chembe za chuma zinazometa. Ukiziona, usiwashe tena mpaka fundi afungue.