Uhandisi wa meli au uhandisi mitambo?

Mdogo wangu, hongera kwa kumaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati). Umeuliza uende Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) ukasome uhandisi wa meli au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ukasome uhandisi mitambo, maana unapenda injini ila mzee anasema meli hazina ajira.

Darasani fani hizi zinakaribiana sana: joto na nishati, mwendo wa vimiminika, uimara wa metali. Tofauti kubwa inakuja baadaye. Shahada peke yake haikuruhusu kushika zamu ya injini melini. Unahitaji cheti cha umahiri chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 wa viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, na hukipati bila muda wa melini. Aliye kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anatakiwa angalau miezi 12 ya karakana na melini kwa jumla. Asiye kwenye mafunzo hayo, miezi 36. Hapo ndipo vijana wanapokwama, na inaniuma: shahada ipo, meli ya kufanyia mazoezi hakuna. Kabla ya kuomba chuo, watafute waliohitimu karibuni uwaulize walipata meli wapi na nani aliwasaidia. Kapime macho pia, hasa kutofautisha rangi.

Kama kukaa miezi mbali na nyumbani kunakutisha, soma mitambo. Viwanda vya saruji, sukari na vituo vya umeme vinahitaji watu hao. Ila mzee mweleze kwamba mhandisi wa meli hafanyi kazi baharini tu. Kuna vivuko, bandari, karakana za meli, na meli za Ziwa Victoria.