Kuseti distributa ya Datsun 240Z: usianze kuhamisha nyaya

Mwezi wa kumi na moja mwanzoni, mvua inatishia tu hainyeshi, nilipiga stata Datsun yangu hapa Cheyo, Tabora, ikanijibu na mlipuko mmoja kupitia kwenye kabureta, kuku wa jirani wakatawanyika, na mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maembe akaitua akaniangalia kama mwizi. Nikapiga tena. Mlipuko tena. Mara ya tatu yule mama akabeba ndoo yake akaondoka haraka, na mimi nikabaki nanusa petroli na kujiuliza nimekosea wapi.

Gari yenyewe ni 240Z niliyoachiwa na mjomba, injini ni L24, silinda sita, cc 2393, kabureta mbili. Wazee hapa Tabora wakiiona tu wanaanza stori za Safari Rally, na wana haki, maana gari aina hii ilichukua ushindi 1971 na Edgar Herrmann halafu 1973 na Shekhar Mehta. Ya kwangu haijashinda kitu, ilikaa bandani miaka mingi na ilikuwa inavuja oili.

Sasa kosa lenyewe. Oili pampu ilikuwa inavuja kwenye gasketi, nikaona kazi ndogo, bolti nne tu, nikaingia chini nikafungua ikashuka, na shafti yake ikashuka nayo. Sikuweka alama hata moja. Nikabadili gasketi, nikarudisha, nikafunga, nikanawa mikono. Kumbe kwenye hizi injini ile shafti ndiyo inayozungusha distributa kule juu, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kwa hiyo ukishusha pampu umeshavuruga taiming, yaani wakati wa cheche kupigwa, hata kama distributa hujaigusa kwa kidole.

Mimi kwa akili zangu nikajua tatizo ni nyaya za plagi. Nikazihamisha zote matundu matatu mbele, yaani nusu mzunguko, na kweli gari ikawaka! Nilifurahi nikampigia simu mpaka shemeji. Ila ilikuwa inawaka kivivu, haina nguvu, ukifika kwenye taa za barabarani sindano ya joto inapanda, na distributa yenyewe nimeizungusha mpaka imegota mwisho wa lile tundu refu la kuadjasti, haiendi tena. Fundi mmoja akanishauri nichukue tupa nilirefushe tundu. Bado kidogo nimsikilize.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kule Ng'ambo, fundi wa zamani ambaye siku hizi anatengeneza zaidi mashine za kusaga. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akainama mara moja tu akaangalia distributa ilivyogota.

"Umeshusha pampu ya oili wewe."

Nikamuuliza mzee umejuaje hata sijakueleza. Akasema distributa haina akili yake, inaelekea inakoelekezwa na shafti, na ukiona imegota mwisho ujue shafti imekaa jino jingine. Halafu akaniambia nirudishe nyaya zote zilivyokuwa ndo tuongee.

Kwa hiyo wakuu, ushauri wangu namba moja kabla hujashika chochote, itafute silinda namba moja, ile ya mbele kabisa karibu na rejeta, pistoni ikiwa juu kabisa NA iko kwenye kompresheni. Hapo kwenye kompresheni ndo watu wengi wanapotea. Kranki, ile shafti kuu ya injini, inazunguka mara mbili distributa ikizunguka mara moja, kwa hiyo alama ya puli yake ya mbele inafika kwenye sifuri mara mbili, mara moja silinda namba moja imebana hewa tayari kwa moto, na mara nyingine inamalizia kutoa moshi. Alama ni ile ile, haikwambii uko kwenye ipi. Mimi niliamini alama ya puli, nikawa nje kwa nusu mzunguko na juu yake jino moja, makosa mawili kwa mpigo.

Njia ya mzee ni rahisi na haina gharama. Toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi, chomoa waya wa betri, weka kidole gumba kwenye tundu la plagi namba moja, mtu mwingine azungushe kranki kwa spana ya 27 kwenye bolti ya puli, aelekee upande wa saa akiwa amesimama mbele ya gari. Ikifika hewa inasukuma kidole mpaka kinatoka, hiyo ndo kompresheni, sasa endelea polepole mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri. Ukitaka uhakika zaidi fungua kava la valvu uangalie kemushafti, ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu, nundu zote mbili za silinda namba moja zinatakiwa ziwe zimeelekea juu, hazijakandamiza valvu. Na ukipitisha alama usirudishe nyuma kidogo kidogo, maana cheni ina ulegevu wake, rudi mbali halafu uje tena kwa mbele.

Ukishafika hapo toa distributa uchungulie kwenye tundu lake. Utaona ncha ya shafti ina ulimi uliokaa pembeni kidogo, si katikati, kwa hiyo unagawa duara vipande viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Fikiria ni uso wa saa na namba 12 iko mbele ya gari, ulimi unatakiwa ulale kama mishale ya saa ikionyesha saa tano na dakika 25, yaani mfupi karibu na namba 11 na mrefu kwenye namba 5, na kipande kidogo kiwe upande wa mbele. Kwa sababu ya huo upembeni distributa inaingia kwa namna moja tu, huwezi kuigeuza ukaikosea. Wa kukosea ni shafti.

Kama ulimi umelala vibaya hakuna ujanja, shusha pampu. Na hapa nilipoteza mchana mzima maana meno ya gia ya ile shafti yamekatwa mshazari, ukiisukuma shafti juu inazunguka yenyewe kidogo wakati inaingia. Ukiianzisha imelala vizuri itaishia imelala vibaya. Inabidi uianzishe nyuma ya pale unapopataka halafu iache ijizungushe mpaka ifike, na utarudia, mimi nilirudia mara sita nimelala chali kwenye gunia, oili inanidondokea kwenye sikio, mzee yuko juu na tochi anasema bado, bado, imepita, bado. Ah, na pampu uijaze oili kabla hujaifunga, usiwashe injini na pampu kavu.

Baada ya hapo mambo yanakuwa mepesi. Rudisha distributa, rota, ile sehemu inayozunguka ndani yake, itaangalia tundu la waya namba moja kwenye kifuniko, halafu panga nyaya 1-5-3-6-2-4 ukizunguka kinyume cha saa, maana rota ya hii injini inazunguka kinyume cha saa. Mimi nimeandika namba kwenye kila waya kwa Tippex, wanaonicheka waendelee.

Pointi, zile swichi ndogo ndani ya distributa zinazofunga na kufungua umeme, zisete kabla ya taiming, sio baada. Gepu ni kati ya milimita 0.45 na 0.55, na ukija kuibadilisha baadaye taiming nayo inahama, gepu likiwa kubwa pointi zinafunguka mapema na moto unakuja mapema. Nimeona mtu anaseti taiming vizuri kabisa halafu anasafisha pointi na kurekebisha gepu, kazi yote imekufa.

Taimingi laiti, ile taa ya kupimia taiming, sina, kwa hiyo natumia balbu ya indiketa yenye nyaya mbili. Waya mmoja kwenye koili, ile inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche, upande ule unaoenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi. Rudisha waya wa betri, zungusha kranki mpaka digrii unazotaka kabla ya sifuri, tazama kitabu cha gari yako maana modeli zinatofautiana, washa swichi, legeza bolti ya distributa. Igeuze kwanza upande wa kinyume cha saa mpaka balbu izime, halafu irudishe taratibu sana kwa upande wa saa. Pale pale inapowaka ndo pointi zimefunguka na ndo cheche inapopigwa. Kaza. Usiache swichi imewaka muda mrefu ukiwa unafikiria, koili inapata moto. Na kumbuka kwenye hii injini kugeuza distributa upande wa saa ni kuwahisha moto, kinyume cha saa ni kuuchelewesha. Ukiwahisha sana stata inapigwa teke na injini inagonga ukikanyaga mafuta, ukichelewesha sana unapata kama yangu, haina nguvu na inachemka.

Ukipata taimingi laiti ya kuazima hata bora zaidi, ila chomoa ule mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa uuzibe kwanza, na weka alama ya puli rangi nyeupe. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, bahati mbaya ilikuwa ile anayovaa harusini.

Siku tuliyomaliza distributa ilikaa katikati ya tundu lake, nafasi ya kutosha huku na huku, nikaelewa kwa nini mzee alikataa habari za tupa. Ikawaka nusu mzunguko wa stata. Nikampeleka mzee mpaka kwake kwa kuzungukia barabara ya Nzega, vioo vimeshushwa, sindano ya joto imetulia katikati, na mzee haongei, anasikiliza injini tu. Tulipofika akashuka, akafunga mlango taratibu, akasema plagi ya nne inamisi kidogo, kesho niilete.